Naomba ushauri: joto la Malindi linanimalizia mvinyo

Habari zenu wapendwa. Nina duka dogo la mvinyo hapa Malindi, mwaka wa pili sasa. Wateja wangu wakubwa ni Waitaliano wanaoishi hapa na hoteli chache. (Mama anajua nauza vinywaji. Tuachie hapo.) Aprili hadi Juni mvua ikikaza, baadhi ya hoteli hufunga na mji hupoa, ila kodi ya duka haijui masika.

Kinachoniumiza zaidi ni joto. Mvinyo unataka nyuzi 12 hadi 15 hivi. Dukani kwangu mchana ni 30, na stima ikipotea ndiyo basi. Wiki jana nimekuta chupa sita nyekundu, vizibo vimesukumwa juu, shingo zinanata. Nikafungua moja, ladha kama zabibu zilizochemshwa. Mzee mmoja Mwitaliano akaonja, akarudisha glasi kaunta bila neno. Aibu niliyoiona!

Wenye uzoefu, ninunue friji ya mvinyo na inveta, au niagize kidogo kidogo kutoka Mombasa? Na hoteli inayochukua kwa mkopo kisha ikafunga msimu kabla ya kulipa, mnaibana vipi?