Uzi wa Marseille: mliofika, tupeane uzoefu (cha kuona, cha kula, cha kukwepa)

Mama_Kijitonyama
Wakuu, habari za wakati huu. Mwishoni mwa Juni nina semina Aix-en-Provence, na nikimaliza nashuka Marseille, wenzangu watarudi Paris. Paris nishaiona, foleni ya mnara nishaipanga, inatosha. Tatizo kila nikiuliza kuhusu Marseille napewa jibu moja kati ya mawili: "utaibiwa" au "hutataka kuondoka". Wa katikati hakuna. Najua ni mji wa pili kwa ukubwa Ufaransa, najua Wagiriki wa Phocaea ndio waliouanzisha yapata mwaka 600 kabla ya Kristo. Hayo yapo kila mahali. Nataka ya aliyekanyaga: ulipita wapi, ulikula nini, nini kilikuchosha. Zile orodha za "vivutio kumi bora" mniachie.

Nahodha_wa_Kibokoni
Salaam dada. Mie nimefanya kazi meli za watalii, na Marseille ilikuwa kwenye njia yetu kila msimu wa joto. Kwanza ujue meli kubwa hazifungi katikati ya mji. Zafunga kaskazini huko, mbali, na ndani ya bandari huruhusiwi kutembea kwa miguu, kwa hivyo wangoja basi. Sisi wafanyakazi tulipewa saa chache tu, basi nilijifunza kuzibana.

Vieux-Port, ile bandari ya kale, iendee asubuhi. Wavuvi wadogo wadogo huleta samaki gatini na kuwauza pale pale juu ya meza, wengine bado wanapiga mikia. Wauzaji wengi ni kina mama na sauti zao hazitaki kipaza. Ukija saa saba mchana utakuta meza zinaoshwa. Kando yake pana paa kubwa la chuma king'aacho, kazi ya Mwingereza Norman Foster ya mwaka 2013. Simama chini yake utazame juu, utajiona umening'inia kichwa chini na umati mzima. Bure hiyo.

Halafu pana feri yao. Mtu wa Likoni akiiona atacheka mpaka alie. Inavusha watu kutoka mbele ya jumba la meya hadi ng'ambo ya pili, mita mia tatu hazifiki, na watu wazima wanapigia picha safari nzima! Lakini panda, utauona mji ukiwa majini.

Baada ya hapo fuata gati la kaskazini mpaka ngome ya Saint-Jean, uvuke daraja jembamba lililo juu ya maji uingie paa la MuCEM, jumba la makumbusho ya ustaarabu wa Mediterania lililofunguliwa 2013. Limefunikwa kwa wavu wa zege jeusi, na jua likipenya sakafu nzima huwa na madoadoa. Maonyesho walipia, lakini paa na bustani za ngome ni za kila mtu. Mie nilikuwa nanunua mkate na zeituni, nakaa huko juu natazama meli za Corsica na Algiers zikitoka. Kazi ya baharini mtu huichoka, kutazama bahari hachoki.

Bint_Ngazija
Nyie mnazungumzia magati, mimi nampeleka kwa watu. Naishi Lyon, nyumbani Unguja, bibi mzaa mama ni Mngazija, mtu wa Komoro. Kwetu sisi Marseille ni mji wa harusi.

Wenye asili ya Komoro pale ni makumi ya maelfu. Walianza mabaharia, wanaume waliofanya kazi ndani ya meli za Kifaransa, hasa za kampuni ya Messageries Maritimes, wakashuka na kubaki karibu na bandari. Baada ya uhuru wa Komoro mwaka 1975 familia zikafuata. Leo ukipanda basi la kwenda mitaa ya kaskazini utawasikia kina mama wakisimulia habari za mkwe kwa Kikomoro, nusu utaielewa bila mkalimani, na hiyo nusu ndiyo yenye umbea.

Harusi niliyohudhuria ilifanyika kwenye ukumbi huko huko kaskazini. Wanawake wamevaa shiromani, vazi lao la kujitanda, na dhahabu mpaka viwiko, wazee wana majoho, twarab imepigwa mpaka alfajiri, watu wanainuka kutunza kwa noti za euro. Mabawa ya kuku ya kuchoma, muhogo, pilau. Jirani yangu mezani alizaliwa Marseille, hajawahi kuiona Moroni, lakini alijua nani ameshafanya ndoa kubwa, ile harusi ya kifahari ya kimila, kijijini kwao na nani bado anadaiwa. Ukialikwa usikatae, hata kama mwenye harusi humjui. Nenda na zawadi, vaa vizuri, kaa na kina mama.

Usipoalikwa, nenda Noailles. Ukishuka kituo cha metro chenye jina hilo unatokea sokoni, soko la Capucins. Muhogo, ndizi za kupika, nazi, majani ya muhogo, samaki wa chumvi, halafu mkono wa pili mafungu ya nanaa, harisa na mikate ya Kitunisia. Wauzaji wa sigara za magendo watakunong'oneza, wapite tu. Hatua chache juu ipo Rue d'Aubagne. Tarehe 5 Novemba 2018 nyumba mbovu ziliporomoka pale na watu 8 wakafa, mmoja wao mama wa Kikomoro. Wenyeji bado wana hasira, kwa sababu ubovu ule ulijulikana. Nayasema haya ili usipite pale unapiga picha za kuta zilizochakaa ukidhani ni mapambo.

Na basi letu siku ya harusi ile lilipita barabara ya Ibrahim Ali. Alikuwa kijana wa miaka 17, mzawa wa wazazi Wakomoro, aliyepigwa risasi Februari 1995 na watu waliokuwa wakibandika mabango ya Front National, chama cha siasa kali za mrengo wa kulia. Alikuwa anatoka mazoezi ya muziki, anakimbilia basi. Ndugu na majirani walidai miaka mingi barabara ipewe jina lake, halmashauri ikakubali 2021. Dereva alipoitangaza stendi ile, mzee mmoja alivua kofia.

Kocha_Mchangani
Mpira vipi jamani? Marseille bila uwanja wa Vélodrome ni safari nusu. Mimi nilitumwa huko na ofisi, nikatafuta tiketi kwenye tovuti ya klabu yenyewe, Olympique de Marseille (wale wa nje ya uwanja waache). Unashukia metro ya Rond-Point du Prado, unafuata jezi nyeupe na samawati. Uwanja unabeba watu zaidi ya 67,000 na nyuma ya magoli hakuna anayekaa. Ukinunua kiti upande huo ujue umenunua mahali pa kusimama na kuimba.

Watakwambia "À jamais les premiers", wa kwanza milele. Mwaka 1993 Munich waliifunga Milan 1-0, wakawa klabu ya kwanza ya Ufaransa kubeba kombe la mabingwa Ulaya. Kona ya Abedi Pele wa Ghana, kichwa cha Basile Boli aliyezaliwa Abidjan. Yaani goli lile limetoka Afrika Magharibi likapitia Ujerumani! Mwaka ule ule wakanyang'anywa ubingwa wa Ufaransa kwa kesi ya kupanga matokeo. Hiyo hawaimbi. Nilimuuliza mzee wa pembeni yangu, akajifanya hasikii.

Siku zisizo na mechi kuna matamasha. Soprano, yule mwanamuziki wa asili ya Komoro aliyekulia mitaa ya kaskazini, aliujaza mwaka 2017. Dada wewe Juni ligi imeisha, basi angalau zuru uwanja.

Mwana_wa_Bukavu
Jambo yenu. Miye nilisoma Luminy, chuo kiko mwisho wa mji, ukitoka darasani unaingia porini. Pori lenyewe ndilo hifadhi ya taifa ya Calanques, tangu 2012: miamba myeupe inashuka mpaka baharini, na katikati vighuba vyembamba vyenye maji ya kijani na bluu. Basi la Luminy linatoka mjini, ukishuka unatembea kama saa moja hadi Sugiton, kimojawapo cha vighuba hivyo.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu ni mwisho wa Juni. Kuanzia Juni hadi Septemba njia zinaweza kufungwa siku yoyote kwa hofu ya moto. Kila jioni wanatoa ramani ya kesho, rangi nyekundu maana yake hakuna kuingia. Na Sugiton yenyewe siku nyingi za joto lazima uweke nafasi mtandaoni, ni bure, lakini wanaruhusu watu 400 tu kwa siku. Zamani siku za kujaa walifika 2,500, udongo ukawa unakwisha na misonobari mizizi nje. Wenzangu wengi walilalamika. Miye naona walichelewa.

Vaa viatu vya kushika, yale mawe yamesuguliwa na nyayo mpaka yanateleza kama sabuni. Maji beba lita mbili, njiani hakuna duka wala bomba. Na ule upepo wao wa kaskazini, mistral, ukivuma siku mbili bahari inakuwa baridi hata kama jua linachoma: upepo unasukuma maji ya juu kwenda mbali, ya chini yanapanda. Niliruka nikatoka na kilio.

Kama njia zimefungwa, nenda kwenye nakala ya pango la Cosquer, jirani na MuCEM. Pango la kweli liko ndani ya hizo Calanques, mlango wake mita 37 chini ya bahari. Mzamiaji Henri Cosquer ndiye aliyelifikia, miaka ya 1980. Ndani kuna farasi na ndege wanaofanana na pengwini, walichorwa wakati bahari ilikuwa mbali sana na hapo. Nakala ilifunguliwa 2022, unakaa ndani ya kigari kinachokuzungusha gizani. Watoto wanapiga kelele, lakini kunafaa. Aksanti.

Sirudi_Tena
Mmemaliza kusifia? Taka barabarani, pikipiki juu ya njia ya waenda kwa miguu, simu yangu ilichomolewa ndani ya metro mchana kweupe. Halafu nikaingia mkahawa wa bandarini kula bouillabaisse, nikaletewa supu ya rangi ya kutu na vipande vitatu vya samaki asiyejulikana. Bili ilitosha kilo nyingi za changu pale soko la samaki la Feri, Dar.

Kocha_Mchangani
Mkuu pole ya simu. Hilo ni la kweli, simu ikae mfuko wa mbele. Ila bouillabaisse ya bei ya chini ndiyo ya kuogopwa. Mwaka 1980 baadhi ya wenye mikahawa walitunga mkataba wa namna ya kuiandaa: samaki wa miamba wa aina kadhaa, akiwemo rascasse mwenye miiba, supu inaletwa kwanza na mkate uliopakwa mchuzi mzito wa pilipili na kitunguu saumu, kisha samaki mwenyewe anachambuliwa mbele yako. Ya hivyo ni euro sitini kwenda juu, na sehemu nyingi unaagiza mapema.

Mimi sikuila. Nilikwenda L'Estaque, kitongoji cha wavuvi (msimu wa joto kuna boti kutoka Vieux-Port), nikanunua panisse: unga wa dengu unapikwa kama ugali, unakatwa vipande, unakaangwa. Chumvi, karatasi, unakula ukitazama bahari. Sarafu chache tu.

Mama_Kijitonyama
Nimeandika yote, mbarikiwe. Sirudi_Tena nawe asante, nilihitaji upande huo. Maswali mawili. Chakula cha halali kinapatikana? Nasafiri na mwenzangu Mwislamu. Na nikishuka kituo cha treni na begi, nitaufikaje mji?

Bint_Ngazija
Halali isikuumize kichwa, maeneo ya Noailles na Belsunce utachagua mwenyewe. Misikiti ni mingi ila mingi ni midogo, Ijumaa mwenzio awahi, la sivyo ataswali nje.

Kituo cha Saint-Charles kiko juu ya kilima. Kuna metro chini yake, lakini kama begi ni jepesi shuka kwa ngazi kubwa, vidato 104. Chini utakuta sanamu mbili za wanawake waliolala, moja ni "makoloni ya Asia", nyingine "makoloni ya Afrika". Za miaka ya 1920, bandari ilipokuwa inajivunia ilichopokea kutoka huko. Mimi kila nikishuka namsalimu yule wetu. Amechoka.

Mwanakwaya_Moshi
Hakuna aliyetaja Notre-Dame de la Garde? Basi namba 60 kutoka Vieux-Port, au miguu kama mapafu yanaruhusu. Kanisa liko juu ya kilima cha mita 150 hivi, lilitabarukiwa 1864, na Bikira Maria wa dhahabu aliye juu ya mnara ana urefu wa mita 11. Wao humwita Bonne Mère, Mama Mwema, hata wasiosali wanamwapia. Uzuri uko ndani: meli ndogo za kuchonga zimening'inizwa darini, na kuta zimejaa vibao vya shukrani vya waliookoka baharini, vitani, hospitalini. Nilivisoma kimoja kimoja mpaka mlinzi akanikumbusha wanafunga. Ukutani nje bado kuna alama za risasi za Agosti 1944.

Nahodha_wa_Kibokoni
Nyongeza moja, dada. Ukitaka boti ya kwenda Château d'If, ile ngome ya gereza kisiwani, uliza hali ya bahari kabla hujalipa. Upepo ukizidi hawawezi kufunga pale, na boti hupitiliza hadi visiwa vya Frioul. Ikiwa hivyo usinune, Frioul waogelea vizuri. Na boti zote zikisimama, panda basi la 83 pale Vieux-Port, lafuata barabara ya pwani. Shuka Vallon des Auffes, kijibandari kimejificha chini ya daraja. Kaa upande wa kulia wa basi.