Picha iliyofungiwa gizani: nani atuambie kama Salvator Mundi ni ya Leonardo?

Mleta mada

Salaam kwenu wakuu. Kuna jambo linanikereketa siku nyingi, nimeona nililete hapa tulichambue.

Tarehe 15 Novemba 2017, jijini New York, Christie's walinadi picha ya Yesu iliyochorwa kwenye ubao wa mti wa jozi. Si kubwa, haifiki sentimita 70 kwenda juu. Mkono wa kulia umeinuliwa kubariki, wa kushoto umeshika tufe la kioo. Inaitwa Salvator Mundi, yaani Mwokozi wa Ulimwengu. Iliondoka kwa dola milioni 450.3, bei ambayo hakuna picha nyingine iliyowahi kuifikia mnadani. Picha hiyohiyo mwaka 1958 iliuzwa London kwa pauni 45. Mwaka 2005 wafanyabiashara wawili wa sanaa waliinunua kwenye mnada mdogo wa New Orleans kwa dola 1,175. Ubao ni uleule. Kilichopandisha bei ni jina: zamani ilihesabiwa kuwa kazi ya mwanafunzi au nakala tu, sasa ikasemwa ni mkono wa Leonardo da Vinci mwenyewe.

Tangu mnada ule umma haujaiona tena. Desemba ya mwaka huohuo, idara ya utamaduni na utalii ya Abu Dhabi ilitangaza kwamba imeipata kwa ajili ya makumbusho ya Louvre Abu Dhabi. Ikapangwa ifunuliwe tarehe 18 Septemba 2018. Siku zilipokaribia ikaahirishwa, na sababu haikutolewa. Louvre ya Paris nayo ilifungua onyesho kubwa Oktoba 2019, kuadhimisha miaka 500 tangu Leonardo afariki. Picha haikutokea.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwaka 2018 maabara ya makumbusho za Ufaransa ilikuwa imeshaipima, na Louvre ikaandaa kitabu chenye majibu ya vipimo, kikisema picha ni ya Leonardo. Makubaliano ya kuiazima yalipovunjika, kitabu kikaondolewa. Tulichokijua baadaye tulikijua kwa sababu kilivuja magazetini. Yaani vipimo vipo, na msomaji wa kawaida hana ruhusa ya kuvisoma!

Msimamo wangu: mtu anayetaka picha yake iitwe ya Leonardo aiweke mahali watu waione, na vipimo vyake visomwe na kila mwenye ujuzi. Asipotaka, basi tuache kuandika "ya Leonardo" na tuandike "inadaiwa". Anayepinga alete hoja.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nakuheshimu, lakini umechanganya mambo mawili: picha kuwa halisi na mwenye picha kuwa muungwana. Jirani akikataa kukuonyesha hati ya kiwanja, kiwanja hakihami.

Kabla haijafichwa ilitazamwa, tena sana. Mwaka 2008 makumbusho ya National Gallery ya London iliwaita mabingwa kadhaa wa Leonardo wakaikagua. Mwaka 2011 ikaitundika kwenye onyesho lake kwa jina la Leonardo, na watu wakapanga foleni. Martin Kemp, ambaye amemsoma Leonardo kwa miongo mingi, aliikubali na hajarudi nyuma.

Tazama pia ushahidi wenyewe. Miale ya infraredi, ambayo huonyesha kilicho chini ya rangi, ilionyesha kwamba dole gumba la mkono unaobariki lilichorwa kwanza mahali pengine, kisha likahamishwa. Waitaliano wana jina la jambo hilo, na maana yake ni majuto: mchoraji amejuta, amesahihisha. Mwenye kunakili ajute nini, na anafuatisha kitu kilichokwisha kamilika mbele yake? Halafu kuna michoro ya chaki nyekundu iliyoko Windsor, kwenye hazina ya ufalme wa Uingereza, ambamo Leonardo alijaribu mikunjo ya nguo ya picha hii. Kwa hiyo wazo ni lake, hilo halina ubishi. Na ule mkono uliosimama kubariki, ukiutazama kwenye picha nzuri, unaona nyama na mifupa chini ya ngozi. Jicho lililozoea huona kitu kama hicho bila kungoja mashine.

Mchangiaji wa pili

Naomba niingie hapo kwenye jicho na mashine, kaka. Mimi ni mtu wa maabara. Sipimi picha, napima maji, lakini mantiki ni ileile: kipimo kina nguvu ya kukataa kuliko ya kuthibitisha. Ukikuta nyeupe ya titani kwenye rangi ya asili ya picha inayosemwa ni ya mwaka 1500, kesi imekwisha, kwa sababu rangi hiyo ilianza kuuzwa karne ya 20. Usipoikuta, umejua tu kwamba hujakuta kosa. Katika Salvator Mundi vifaa vyote vinakubaliana na zama zake: ubao wa jozi, buluu ya jiwe la lazuli. Sawa. Lakini vifaa hivyohivyo vilikuwa mezani kwa kila kijana aliyefanya kazi chini ya Leonardo. Maabara inaweza kukwambia lini. Nani, hapo inanyamaza.

Na jicho je? Mwaka 1937 Abraham Bredius, mzee aliyeheshimika kuliko wote kwa michoro ya Vermeer, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, alisimama mbele ya picha ya Kristo kule Emmaus akasema hii ndiyo kazi kuu ya Vermeer. Makumbusho ya Boijmans ya Rotterdam ikainunua. Mchoraji wake, Han van Meegeren, alikuwa hai, anaishi kwa raha. Alikamatwa mwaka 1945 kwa kumuuzia Göring, kigogo wa Hitler, "Vermeer" nyingine, na ili asionekane msaliti wa taifa akakiri kwamba ni kazi zake, kisha akachora nyingine mbele ya mashahidi. Mkemia Paul Coremans na wenzake wakakuta bakelaiti, aina ya plastiki ya karne ya 20, ndani ya rangi, kitu ambacho Vermeer asingeweza kukijua. Jicho la Bredius lilikuwa limezoea kweli. Lilidanganywa kwa sababu liliona kile lilichokitamani kwa miaka mingi.

Kuhusu dole gumba, sikubaliani nawe kabisa. Makumbusho ya Prado, Madrid, ina nakala ya Mona Lisa. Ilipokaguliwa kwa infraredi, matokeo yakatangazwa mwaka 2012: marekebisho yaliyo chini ya rangi ya Mona Lisa halisi yamo pia chini ya rangi ya nakala. Mwanafunzi alikuwa ameketi karibu na mwalimu, mwalimu akibadilisha na yeye anabadilisha. Kwa hiyo majuto si saini. Yanaweza kuwa ya mwalimu yaliyofuatwa na mwanafunzi, au ya mwanafunzi mwenyewe.

Mchangiaji wa tatu

Nyote mnaongea kana kwamba picha moja lazima iwe na mkono mmoja. Mimi nimekulia Msasani, si mbali na pale Morogoro Stores walipofanyia kazi Edward Saidi Tingatinga na vijana wake. Yeye alifariki mwaka 1972, na ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza mtindo hadi ukabeba jina lake. Nikiwa mtoto nilizoea kumwona mmoja anapaka rangi ya nyuma, mwingine anatia madoa ya chui. Ukiuliza hii ya nani, unajibiwa ni ya hapa.

Karakana ya Leonardo pale Milano nayo ilijaa vijana, na Boltraffio alikuwa miongoni mwao. Carmen Bambach wa makumbusho ya Metropolitan, New York, aliandika mwaka 2012 kwamba sehemu kubwa ya picha hii huenda ni ya Boltraffio, na Leonardo aligusa baadhi ya mahali, ukiwemo ule mkono unaobariki. Mwaka 2021 Prado wakaiorodhesha miongoni mwa kazi zinazohusishwa na Leonardo, za karakana yake, au zilizoidhinishwa na kusimamiwa naye. Kwangu hilo ni jibu la heshima. Ni soko ndilo haliwezi kuliuza.

Mleta mada

Nimewasoma. Dada wa maabara amenifunza kitu: hata kile kitabu cha Louvre kingechapishwa, kisingenipa jina. Nakubali, hapo nilitarajia makubwa kupita kiasi.

Ila mmesahau jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko dole gumba. Ilipotoka New Orleans, picha ilikuwa imepakwa rangi juu ya rangi na watu wa zama mbalimbali. Dianne Modestini, fundi wa kurejesha picha za kale, alipoifikia na kuondoa tabaka hizo, ubao ulikutwa umepasuka, na rangi ya asili imesuguliwa au kupotea sehemu nyingi, hata usoni. Kipo kipindi ilipigwa picha ikiwa imesafishwa na mapengo yake bado hayajajazwa rangi. Itafuteni muitazame. Kisha wekeni pembeni ile iliyopanda mnadani. Modestini ni fundi hodari na hakuficha kazi yake. Yeye mwenyewe anaamini midomo ile hakuna awezaye kuichora isipokuwa aliyechora Mona Lisa. Lakini mimi nikitazama uso ule sijui ni wapi anaishia mtu wa karne ya 16 na wapi anaanzia mtu wa karne ya 21. Hilo huwezi kulijibu kwa kumbukumbu ya foleni ya London ya mwaka 2011. Unahitaji ubao wenyewe, na mtu asiye na senti yake ndani ya biashara hiyo. Ndiyo maana bado nasema itolewe.

Ndugu mchangiaji wa kwanza, nina swali moja kwako. Ungepewa kazi ya kuandika kile kibao kidogo kinachobandikwa ukutani karibu na picha, ungeandika nini?

Mchangiaji wa kwanza

Nimelala na swali lako. Asubuhi nimeitazama ile picha iliyosafishwa uliyoitaja, nikakaa nayo muda mrefu. Mkono upo, haukuguswa sana na uharibifu, na bado siamini ni wa mwanafunzi. Uso umenihuzunisha.

Ningeandika: "Leonardo da Vinci na karakana yake. Uso umerejeshwa." Na mkono ningeuwekea taa.