Jirani anapanua mashine ya dagaa mpaka kwenye jabali letu, naombeni ushauri

Mwana wa Mlimani:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za usiku. Ni saa saba hii na usingizi hauji.

Tunaishi Ilemela, mlimani, kama robo saa kwa mguu kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Nyumba aliijenga marehemu baba. Ina vyumba vinne na imeegemea jabali kubwa. Kwa wasioijua Mwanza, huku kwetu jiwe ni sehemu ya nyumba. Ukuta wetu wa nyuma umekaa juu ya jabali hilo, na mama, ana miaka 72 sasa, bado anaanika michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, juu yake.

Jirani alianza mwaka 2019 na mashine moja ya kusaga dagaa wa chakula cha kuku. Tulivumilia. Alisaga mchana tu, na harufu ya dagaa sisi tumekua nayo. Sasa amevuta umeme wa njia tatu, ameleta mashine ya pili kubwa kuliko ya kwanza, na anataka kujenga stoo. Wiki iliyopita amesaga usiku kucha. Vikombe vinagongana kabatini. Mama analala amejifunga kitenge puani na bado anakohoa. Na ili hiyo stoo ienee, jabali lazima lichomwe moto lipasuliwe.

Kuna sheria ya kumzuia? Au nimhamishe mama? Naombeni busara zenu.

Ngosha wa Igogo:
Pole sana ndugu yangu. Anza na mwenyekiti wa mtaa, kwa barua, na nakala yako igongwe muhuri. Maneno ya mdomo hayana ushahidi. Kisha afisa mazingira wa manispaa. Wakikuzungusha, NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, wana ofisi ya kanda hapahapa Mwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inagusa vumbi na kelele, na zipo kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015. Andika kila usiku anaposaga: tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima. Kibali cha ujenzi wa hiyo stoo anacho?

Mama Vifaranga:
Pole kaka, na mama mpe pole. Samahani nauliza, huyo jirani gunia la dagaa waliosagwa anauza shilingi ngapi? Nina kuku 300 Buhongwa na ninaouziwa huku ni nusu mchanga.

Fundi Seremala:
Baba mkwe wangu alikaa Mabatini, ukuta kwa ukuta na karakana ya kuchomelea mageti. Miaka minne mzee anazunguka na faili lake, ofisi hii, ofisi ile, mpaka makarani wakawa wanamwamkia kwa jina. Mwisho karakana ikahama yenyewe, kodi ilipanda. Basi usiku wa kwanza wa kimya mzee hakulala! Alfajiri anatuambia masikio yanamwasha. Usikate tamaa ndugu, ila jipange kwa safari ndefu.

Mwalimu Mstaafu:
Wanangu, kabla ya barua na mihuri, mtu amewahi kukaa na huyo jirani akazungumza naye? Siku ya msiba wa baba yenu nani alileta maji? Nani alifunga turubai? Siku hizi tunakimbilia ofisi kana kwamba jirani ni adui tangu kuzaliwa.

Halafu nina swali kwa mwenye uzi. Mtu hajiamkii tu akaenda kuchoma jabali lililobeba ukuta wa mwenzake. Lazima yupo aliyemwonyesha kwamba mpaka wake unafika pale. Ni nani?

Mwana wa Mlimani:
Mwalimu shikamoo. Jirani ni mtu mzuri, sikatai, kwenye msiba alitoa gunia la mchele. Mipaka ya huku haijapimwa, tunajuana kwa miti na mawe. Shida yangu ni mashine na kifua cha mama.

Dada wa Kitangiri:
Hujajibu swali la mwalimu. Nani alimwonyesha mpaka?

Ngosha wa Igogo:
Na mimi nasubiri hilo jibu. Nikikushauri gizani nitakupoteza.

Mwana wa Mlimani:
Sawa. Ni mimi.

Nimemuuzia hatua tano za upande wa jabali, milioni sita. Mwezi wa nne nimepokea milioni mbili na nusu, tukaandikishana mbele ya mashahidi wawili. Mama hajui. Dada yangu yuko Geita, mdogo wangu yuko Dar, nao hawajui.

Lakini kabla hamjanihukumu, nisikilizeni. Baba nilimuuguza mimi. Tangu afariki 2016 mama niko naye mimi. Wenzangu wanapiga simu Krismasi. Masika ya mwaka huu mama alikuwa anaamka usiku kuhamisha ndoo chini ya bati linalovuja, na ile hela yote imekwenda kwenye paa, risiti za mabati na mbao ninazo. Jirani aliniambia anataka njia ya kupitisha gari lake la mzigo. Moto kwenye jiwe hakuutaja hata mara moja. Na kwa kweli nilikuwa nafikiri milioni tatu na nusu zilizobaki nimalizie plasta, mama apumzike. Hata sasa sijui kama nilikosea kuuza au nilikosea kutouliza.

Dada wa Kitangiri:
Ulikosea kumficha mama. Ungeanza na hapo.

Ngosha wa Igogo:
Msimamizi wa mirathi ni nani?

Mwana wa Mlimani:
Hatukufungua mirathi. Tulikaa kikao cha ukoo baada ya arobaini, tukakubaliana mama akae na nyumba isiguswe.

Ngosha wa Igogo:
Basi kesi imegeuka ndugu yangu. Uliuza mali ya marehemu bila kuteuliwa na mahakama, na kikao kilishasema isiguswe. Uuzaji wa namna hiyo unaweza kubatilishwa, lakini hela ya watu itarudi, na wa kuirudisha ni wewe. Hata ukienda kwa mwenyekiti leo kulalamika, jirani atatoa karatasi yenye saini yako.

Itisheni kikao upya, mwandike muhtasari, mwende Mahakama ya Mwanzo mama au dada yako ateuliwe msimamizi. Yeye ndiye atakayekuwa na miguu ya kusimama. Baraza la Kata tangu mabadiliko ya 2021 kwenye ardhi linasuluhisha tu, haliamui. Mkishindwana pale ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Vumbi na kelele ni jambo lingine, mama anaweza kulalamikia hata kesho, hilo halihitaji mirathi.

Mvuvi wa Igombe:
Mnamshauri mtu aliyetunga. Hii ni chai.

Mimi navua dagaa. Dagaa wanavuliwa giza, kwa taa. Wiki iliyopita ilikuwa mbalamwezi, mitumbwi yote imeegeshwa, vijana wanashona nyavu. Sasa hiyo mashine ilikuwa inasaga nini usiku kucha? Na mwanzo ilikuwa kelele, ikaja mipaka, sasa mirathi. Kesho tutaambiwa jirani ni baba yake mdogo.

Fundi Seremala:
Duh, hapo umenena. Mwenye uzi, jibu hilo la mbalamwezi.

Mama Vifaranga:
Kama ni hadithi mtuambie mapema, mimi nilishaanza kupanga safari ya Kirumba.

Mwana wa Mlimani:
Mvuvi, natamani ingekuwa chai.

Wakati wa giza mzigo unaingia kila asubuhi na watu wanashindana kununua wale wazuri wa kuliwa. Jirani ananunua walionyeshewa mvua kichanjani au walioanikwa mchangani, anawalimbikiza stoo. Mbalamwezi ikifika, mzigo mpya hakuna na vibarua wako huru, ndipo anasaga alicholimbikiza, anachanganya na pumba na mashudu. Ndiyo maana anataka stoo kubwa. Mama hahitaji kalenda. Akiona mwezi unajaa anatoa kitenge chake sandukuni.

Picha sitaweka, watu wa mtaa wataijua nyumba.

Mvuvi wa Igombe:
Hilo la kulimbikiza nalijua, tajiri mmoja huku kwetu anafanya hivyohivyo. Nakuomba radhi, kaka.

Basi nikwambie jambo ambalo hawa wa sheria hawajakwambia. Kabla ya uvuvi nilipasua mawe miaka miwili. Unapanga magogo na matairi juu ya jiwe, linawaka tangu jioni, asubuhi unalipiga nyundo. Likipata moto linalia, na ufa unakwenda unakotaka wenyewe. Niliona ufa ukipita chini ya choo cha mtu, tulikuwa tumewasha moto hatua nane kutoka pale. Ninyi mmeuza hatua tano na ukuta wa mama uko juu ya jiwe hilohilo. Mirathi ni ya miezi. Huo moto ni wa usiku mmoja. Magogo yameshaletwa?

Mwana wa Mlimani:
Yameletwa juzi. Matairi nimeyaona leo jioni.

Mwalimu Mstaafu:
Mwanangu, usingoje barua. Alfajiri nenda kwa jirani, na mwenyekiti awepo. Mwambie ukweli wote, kwamba uliuza bila ridhaa na utamrudishia kidogokidogo. Mtu aliyeleta gunia la mchele msibani atakusikiliza. Ila usiende kabla mama hajajua. Asije akasikia kutoka dirishani.

Dada wa Kitangiri:
Na dada yako wa Geita umpigie usiku huuhuu.

Mwana wa Mlimani:
Nimempigia. Nilidhani atafoka. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mama anajua?" Nikasema bado. Akasema anapanda basi la kwanza asubuhi, na nisimwambie mama kwamba anakuja kabla sijamwambia mengine.

Sasa hivi manyunyu yameanza. Nasikia mama ameamka, anatafuta tochi akaanue michembe jabalini. Natoka nikamshikie tochi.