Tupeane uzoefu: vijana wetu wanene na chai ya asubuhi

Mama Maweni, Malindi: Jamani, wenye watoto wa sekondari walio na mwili mkubwa, asubuhi mwawapa nini? Wangu ana miaka 15. Akinywa chai ya sukari nyingi na mahamri matupu, saa nne njaa imemshika na somo la hesabu lampita hivi hivi. Asipokula kabisa, jioni avikomba viazi vya karai. Tupeane uzoefu, na tafadhalini tusiwacheke watoto.

Bi Langoni, Lamu: Dada, mahamri sikuyafukuza, kwa Lamu ni muhali! Nampa mawili, bakuli la mbaazi lijae, na yai la kuchemsha au samaki wa jana. Chai ya rangi, tangawizi, sukari chembe. Hufika adhuhuri hajauliza chakula.

Nahodha: Samaki asubuhi? Wangu watahama nyumba.

Bi Langoni: Mchambue, mtie ndimu na pilipili. Hawahami.

Mwalimu wa Barani: Mwaka 1999 watafiti wa Boston waliwajaribu wavulana 12 wanene. Siku waliyopewa uji wa oti za kukorogwa na maji moto, baadaye walikula kwa 81% zaidi ya siku ya kimanda cha mboga na matunda, ingawa kalori za vyakula zilikuwa sawa. Siku ya oti, sukari ya damu ilipanda kwa kasi, kisha ikaporomoka. Sisemi yai laleta akili. Ila mwenye njaa husikiliza kengele, si mwalimu.

Kijana wa Shela: Shikamooni. Mimi ni mmoja wa hao wanene. Kilichokuwa kikiniudhi ni kuwekewa yai peke yangu huku ndugu zangu wakila vitumbua mbele yangu. Nilikuwa nikimaliza, naenda kununua vyangu dukani. Mama alipoanza kutupikia sote chakula kimoja, ugomvi uliisha. Na kweli, siku ya uji wa sukari naandika insha nikiwaza mkate. Siku ya maharage hata kantini naisahau.

Mama Maweni: Marahaba mwanangu, hilo la sahani moja nimelichukua. Lakini mayai kila siku kwa nyumba nzima, mfuko wangu hauwezi. Bi Langoni, hizo mbaazi alfajiri waziwahi vipi?

Bi Langoni: Loweka asubuhi, chemsha baada ya isha. Alfajiri ni tui tu, na liwe jepesi.