Besi ikipiga, sauti ya mwimbaji inazama: nirekebishe nini kwenye kompresa?

kijana_wa_langoni
Assalamu alaikum wataalamu. Nimerekodi taarabu ya harusi hapa Lamu: mwimbaji, kinanda, besi, dumbaki na matari, kila kimoja na treki yake. Mwimbaji huanza beti kwa upole, akifika kwenye kiitikio anapaza mpaka taa nyekundu inawaka. Nimeweka kompresa moja, ya kushusha sauti zinazozidi, kwenye masta, pale treki zote zinapokutana: kizingiti desibeli -24, uwiano 6:1, rilisi (muda wa kuachia) fupi kabisa. Sasa kila besi ikidunda, sauti yake inazama kisha inaibuka. Nikiitoa kompresa, maneno ya upole hayasikiki. Wenye harusi wanataka kazi yao Ijumaa.

bi_mitambo_shela
Waalaikumu salamu mdogo wangu. Kompresa haimjui mwimbaji. Inapima kiwango cha kinachoingia tu, na kwenye masta vimeingia vyote kwa pamoja. Nguvu nyingi ya muziki wa namna hiyo iko huku chini, kwenye besi, kwa hiyo besi ndiyo inayovuka kizingiti. Ikishavuka, kinachoshushwa si besi peke yake, ni kila kitu. Na kwa kuwa rilisi yako ni fupi, kila kitu kinarudi juu mara moja, ndiyo huko kuzama na kuibuka.

Itoe hapo, uipeleke kwenye treki ya sauti. Kizingiti -20, uwiano 4:1. Akipaza mpaka -8, amevuka kwa desibeli 12. Kwa uwiano huo zinabaki 3 juu ya kizingiti, yaani anatoka na -17. Umemshusha desibeli 9. Akiimba -26 haguswi kabisa. Sasa pandisha treki nzima, na yale maneno ya upole yatapanda nayo. Kompresa imeshusha vilele tu, kupandisha ni kazi yako.

Lakini desibeli 9 ni nyingi, mimi sipendi. Pita kwanza kwa mkono na feda, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti, beti kwa beti, kiitikio ukishushe kidogo. Halafu kompresa ishike 3 au 4 tu. Mimi hupiga mitambo kwenye harusi za kina mama, matari huwa hatua mbili kutoka kwenye maiki. Ukibana sana kisha ukapandisha, kila mwimbaji akivuta pumzi matari yanaruka mbele yake.

fundi_malindi
Matari yakivuja, si aweke geti? Mwimbaji akinyamaza linafunga, kelele zote nje.

bi_mitambo_shela
Kaka yangu, kwenye dumbaki weka geti utakavyo. Kwenye sauti ya taarabu, hapana. Geti hufunga sauti ikishuka chini ya kizingiti, na mwimbaji wetu anashukia wapi? Mwisho wa mshororo, kwenye irabu ya mwisho, pale anapoivuta na kuipamba polepole mpaka iishe. Hapo ndipo kina kilipo. Geti likimeza irabu hiyo, umemnyang'anya mtunzi kina chake, na msikilizaji wa pwani atajua hata kama hajawahi kuona mikisa. Matari yakivuja, punguza kwa feda baina ya beti na beti, desibeli 6 zatosha. Usinyamazishe kabisa, kimya cha ghafla kinasikika.

kijana_wa_langoni
Nimeihamisha, dada, kuzama kumekwisha kabisa! Ila programu yangu inaiga ile kompresa ya zamani iitwayo 1176. Ataki, yaani kasi yake ya kuanza kubana, nimeweka 7 nikidhani ndiyo taratibu zaidi, na herufi za mwanzo zinakuwa butu.

bi_mitambo_shela
Kwenye 1176 namba zinakwenda kinyume na unavyodhani: 7 ndiyo kasi kuliko zote, 1 ndiyo taratibu. Tena hata hiyo taratibu yake haifiki milisekunde moja. Rudisha ataki kwenye 2 au 3. Rilisi nayo huanzia milisekunde 50 mpaka zaidi kidogo ya sekunde moja. Izungushe huku ukitazama sindano inayoonyesha kompresa inabana kiasi gani, irudi sifuri kabla ya mshororo unaofuata. Ikiwa bado herufi ni butu, tumia kompresa nyingine inayokubali ataki ya milisekunde 10 au 15. Masta iachie limita peke yake, ile inayozuia sauti isivuke dari, dari iwe -1, iguse vilele viwili vitatu vya kiitikio na si zaidi. Ukimaliza, sikiliza kwa spika ndogo ya simu kabla hujawapa wenyewe.