Mzee kapooza mkono, mdomo ukaenda upande, baada ya muda akarudi sawa. Twende hospitali usiku huu au tusubiri?

Mjukuu wa Pangani:
Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, wengine habari za usiku. Naomba ushauri wa haraka.

Leo baada ya alasiri mzee wangu (miaka 63, ana presha, vidonge anameza akijisikia) alikuwa barazani anakunywa kahawa. Kikombe kikamponyoka mkono wa kulia. Tukadhani utani. Kumuuliza, maneno yanatoka kama ya mlevi na mdomo umepinda. Tukamlaza. Haikufika nusu saa akainuka, mkono unashika, anaongea vizuri, anadai kahawa yake. Sasa hivi mzima kabisa, ananiambia nisimsumbue.

Bi mkubwa anasema ni upepo mbaya, kesho aitwe mtu wa kumsomea. Baba mdogo anasema jua kali. Mimi roho haitulii. Hospitali ya rufaa ni Tanga mjini, gari usiku huu ni la kukodi na hela ndiyo hivyo. Kuna ulazima, au tusubiri kama itarudi?

Kobe Mzee:
Mtoboeni ncha za vidole kwa sindano mpaka damu itoke, na ndewe za masikio pia. Ile meseji ya WhatsApp imesaidia wengi. Halafu kitunguu saumu asubuhi.

Nesi wa Zamu:
Kobe, hiyo meseji naijua, haifi. Damu ya kidoleni haizibui mshipa wa kichwani. Inachofanya ni kula muda wa mgonjwa.

Mjukuu, mdogo wangu, nendeni usiku huu. Ulichoeleza kinafanana sana na kiharusi cha muda: donge la damu limekwama kwenye mshipa wa ubongo, kisha likayeyuka au likasogea. Watu wakiona mgonjwa karudi sawa wanashukuru na kulala, kumbe hatari ya kiharusi chenyewe ni kubwa zaidi ndani ya siku mbili za mwanzo.

Andika saa zilipoanza dalili, na garini mwangalie mdomo, mikono yote miwili na maneno. Zikirudi, andika saa mpya. Ipo dawa ya kuyeyusha donge, mwisho wake ni masaa manne na nusu tangu dalili zianze, na si kila hospitali inayo, ndiyo maana swali la kwanza mtakaloulizwa ni "ilianza saa ngapi?" Akishindwa kuongea au kumeza, hata maji msimpe, yataingia mapafuni. Na msimrundikie vidonge vya presha kwa mpigo. Ikiporomoka ghafla, sehemu ya ubongo iliyokuwa inapata damu kwa taabu inakosa kabisa.

Fundi Rejeta:
Na aspirini je? Jirani yangu walimpa. Halafu mbona mkono wa kulia na maneno vimeondoka pamoja?

Nesi wa Zamu:
Aspirini inafaa kwa donge, ni balaa kwa mshipa uliopasuka, na kwa macho huwezi kutofautisha, mdomo unapinda vilevile. CT scan, ile picha ya ndani ya kichwa, ndiyo inayosema. Dalili zikiwa bado zipo, msiiguse. Kwa mzee huyu zimeisha, daktari anaweza kumpa leo leo, lakini ampe yeye aliyempima.

Daktari Mstaafu:
Fundi, swali lako la pili ni zuri. Shika shingo pembeni ya koo, utasikia mshipa unadunda. Uko mmoja kila upande, na hiyo miwili ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya damu ya ubongo. Mingine miwili inapanda nyuma, ndani ya matundu ya mifupa ya shingo, inaungana kuwa mmoja na kulisha shina la ubongo, ubongo mdogo na kisogo. Chini ya ubongo yote inakutana na kufanya duara, ambalo Mwingereza Thomas Willis alilieleza kitabuni mwaka 1664. Mshipa mmoja ukizibwa taratibu, duara linaweza kupitisha damu kutoka upande mwingine. Tatizo ni kwamba kwa watu wengi halijakamilika, na donge likishapita hapo likaingia kwenye tawi lililo mbele zaidi ya duara, hakuna njia ya pembeni ya kutegemea.

Ubongo una uzito wa kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, na hauna akiba. Ubongo wa kushoto unaendesha mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye maneno. Tawi moja kubwa, lile la kati la kushoto, linalisha vyote viwili. Likiziba, vinaondoka pamoja.

Mjukuu wa Pangani:
Tumefika. Bi mkubwa nilimwambia dua isomwe garini, akapanda wa kwanza. Presha 198 kwa 112. CT haina damu iliyovuja. Ila kipimo cha umeme wa moyo kimeonyesha mapigo hayana mpangilio, daktari anasema donge huenda limetoka moyoni. Ametaja eko (ultrasaundi ya moyo), ultrasaundi ya shingo, na dawa ya kuzuia damu kuganda inaitwa warfarini. Hiyo ya maisha?

Nesi wa Zamu:
Mara nyingi ndiyo. Moyo wa namna hiyo damu hutuama pembeni na kuganda. Kwa warfarini atapimwa damu mara kwa mara, kipimo cha kuona damu inachelewa kuganda kiasi gani, kinaitwa INR, wengi hutakiwa wawe kati ya 2 na 3. Mboga za majani asiache, ila asile kisamvu na mchicha wiki nzima halafu wiki nyingine asiguse. Dawa za maumivu za dukani na mizizi ya bi mkubwa, aulize kwanza. Na za presha ni kila siku, siyo akijisikia.

Binti Muheza:
Samahani kudandia uzi. Mama yangu mgongo ulimkata ghafla, sasa miguu yote miwili haina nguvu na mkojo umegoma. Mdomo uko sawa. Hicho nacho ni kiharusi?

Daktari Mstaafu:
Inawezekana. Uti wa mgongo nao una mishipa yake, mmoja mbele na miwili nyuma. Wa mbele unalisha kama theluthi mbili, na sehemu ya chini hutegemea zaidi tawi moja kubwa kutoka mshipa mkuu wa mwili. Likiziba, miguu inalegea, mkojo unakwama, maumivu na joto havisikiki, lakini ukimgusa anajua. Lakini usikimbilie jina hilo. Kwetu huku TB ya mgongo na uvimbe unaokandamiza uti ni vya kawaida kuliko hicho, na baadhi vinaokolewa kwa upasuaji ukiwahi. MRI, picha ya sumaku ya ndani ya mgongo, ndiyo itakayoamua. Imeanza lini?

Binti Muheza:
Jana jioni. Mkojo tangu usiku.

Daktari Mstaafu:
Mpeleke kituo kilicho karibu awekewe mpira wa mkojo kwanza, wampime, waandike rufaa ya MRI leo hii. Akibebwa alale chali, mgongo umenyooka, watu wanne, siyo kukalishwa kwenye bodaboda.