Mjadala: Kifaa umenunua wewe, ufunguo kabaki nao kiwanda. Sheria iingilie?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Nina jambo limeninyima usingizi wiki mbili, nimeona nililete hapa kabla sijaua kifaa cha pili.

Nina ruta ambayo kiwanda kimeshaitelekeza, masasisho hakuna tena. Ndani yake ni Linux, na kwa kuwa kerneli ya Linux (kiini cha mfumo) iko chini ya leseni ya GPL, inayomtaka anayesambaza programu atoe na msimbo wake, niliwaandikia kudai msimbo chanzo. Wakanitumia, kwa hilo nawapa haki yao. Nikakaa chini kujijengea distro ndogo, yaani mfumo kamili wa Linux, kwa zana iitwayo Buildroot. Kwa asiyeijua: unafungua menyu ya machaguo kwa `make menuconfig`, unachagua prosesa, maktaba ya C (mimi nilichukua musl kwa wepesi wake), toleo la kerneli, kisha BusyBox, ile programu moja iliyomeza `ls`, `sh`, `mount` na mamia ya amri nyingine. Ukiandika `make`, kazi ya kwanza ni kujenga kompaila, programu itakayogeuza msimbo kuwa lugha ya prosesa ya ruta, maana ya kompyuta yako haifanani nayo. Mengine yote yanafuata. Niliiacha mashine inaunguruma nikalala. Asubuhi nikakuta faili la megabaiti sita na ushei: mfumo mzima, hauna hata amri moja nisiyoijua imeingiaje. Raha yake anaijua aliyewahi kufanya.

Nikauflashi, yaani nikauandika kwenye kumbukumbu ya ruta. Butiloda, programu ndogo inayotangulia kuwaka na kuuanzisha mfumo, ikausoma, ikakagua saini yake ya kidijitali, ikaukataa. Saini inayokubalika ni ya kiwanda tu, na ufunguo wa kuitia wanao wao.

Yaani nimekabidhiwa hati ya nyumba, funguo kabaki nazo aliyeniuzia. Hoja yangu ni hii: sheria imlazimishe kila anayeuza kifaa chenye Linux amwachie mnunuzi njia ya kuweka mfumo aliojijengea. Kumbukeni OpenWrt, mfumo huria wa ruta, ilivyozaliwa. Mwaka 2003 ilibainika kwamba Linksys WRT54G ina Linux ndani, watu wakadai msimbo, ukatolewa, na 2004 mradi ukaanza. Ruta ile ingekuwa na kufuli kama hili langu, ule msimbo ungebaki wa kusomwa tu.

Mlinda Lango

Pole mkuu, ila nakupinga. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilivamia kamera na ruta ndogo za Linux, zenye BusyBox hiyo hiyo unayoisifia. Tarehe 21 Oktoba jeshi la vifaa hivyo likaishambulia Dyn, kampuni ya DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani), na tovuti kubwa kubwa zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Ruta yako ikiingiliwa haikuumizi wewe peke yako. Mlango ulioachwa wazi kwa mwenye nyumba umeachwa wazi kwa mwizi pia.

Halafu kuna mawimbi. Mwaka huo huo TP-Link ilikubali kulipa dola 200,000 kwa FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, kwa sababu baadhi ya ruta zake zilimruhusu mtumiaji kubadili mpangilio wa nchi na kupandisha nguvu ya mawimbi kupita kiwango. Kiwanda kikiadhibiwa kwa alichofanya mnunuzi sebuleni kwake, utakilaumu kikifunga?

Mtoto wa Kerneli

Mlinda Lango, Mirai umeisimulia nusu. Haikupita kwa butiloda. Ilipiga hodi kwa telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa kwa mbali, ikijaribu orodha ya majina na nywila zilizowekwa kiwandani, sitini na kitu hivi. Tena ilikaa kwenye RAM tu: ukizima kifaa inafutika, ukikiwasha inarudi baada ya muda mfupi kwa sababu nywila ni ile ile. Sasa niambie kufuli lingefanya nini. Lingekagua, likaona mfumo ni halali wa kiwanda, likaupitisha na nywila zake mbovu ndani. Saini inakwambia kitu kimetoka kwa nani. Ubora wake haiujui.

Aliyekuwa na uwezo wa kuujenga upya mfumo ule bila telnet ndiye aliyekuwa salama, na kufuli linamzuia yeye.

Hiyo ya TP-Link nayo malizia. Katika makubaliano yale yale FCC iliitaka kampuni ishirikiane na jumuiya za programu huria na watengeneza chipu ili ruta zake zipokee mifumo ya watu wengine. Mamlaka ya mawimbi yenyewe haikutaka zifungwe.

Jicho la Tatu

Mnaoweza kufungua menuconfig bila kutokwa jasho ni wangapi? Mnataka sheria kwa ajili ya watu wanaojaa kwenye basi moja?

Bi Kiraka

Mdogo wangu, mimi menuconfig sijawahi kuigusa na ruta yangu ina OpenWrt. Alijenga mwingine, nikapakua, nikaflashi. Wanaochimba kisima ni wachache, wanaochota wengi. Kufuli halimzuii mchimbaji peke yake, linatuzuia na sisi wenye ndoo.

Jicho la Tatu

Sawa dada, hapo nimekubali. Lakini nisisikie tena hii ya "nimejenga mwenyewe toka msimbo, niko salama". Machi 2024 iligundulika kwamba xz, programu ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yana mlango wa nyuma. Msimbo kwenye git (hifadhi ya wazi ya msimbo) ulionekana safi. Kipande kilichouwasha mtego kiliwekwa ndani ya kifurushi cha toleo, katika faili la m4, la maelekezo ya ujenzi, ambalo kwenye git halikuwemo. Buildroot inahakiki hashi (alama ya utambulisho ya faili) ya kila kifurushi, vizuri sana, lakini hashi inathibitisha kwamba ulichopakua ndicho kile kile alichokipakua aliyeandika orodha ya hashi. Kama na yeye alichukua chenye sumu, hashi inakubali tu. Tuliokoka kwa sababu Andres Freund aliona kuingia kwenye mashine kwa mbali kwa SSH kunachelewa nusu sekunde, akakataa kulala bila kujua kwa nini. Kwenye distro yako ya megabaiti sita, uliyoijenga usiku ukiwa umelala, nani angeiona hiyo nusu sekunde?

Mtoto wa Kerneli

Hoja nzuri, na inatuumiza wote sawasawa. Kiwanda nacho kinajenga kwa vifurushi hivyo hivyo. Tofauti ni nani anaweza kurekebisha Jumatatu asubuhi habari ikitoka, na nani anasubiri.

Mzee wa Kiwandani

Vijana, nimefanya kazi upande wa pili miaka mingi, vifaa vya kuendeshea mitambo. Mnaongea kana kwamba kufuli ni roho mbaya. Wakati mwingine ni uvivu, nakiri. Lakini kuna mambo mawili hamjayagusa.

La kwanza, ufunguo mmoja mara nyingi hutumika kwa aina nyingi za vifaa. Si vizuri, ila ndivyo inavyokuwa. Alama ya ufunguo ule huchomwa ndani ya chipu mara moja, haifutiki. Ukinilazimisha kuutoa kwa ajili ya ruta ya mleta mada, nimeufungua pia mtambo uliouzwa mwezi jana.

La pili ni zito zaidi. Hata ukifunguliwa mlango, mfumo wako utakuwa kiwete. Draiva ya Wi-Fi, programu inayoiendesha chipu, mara nyingi hutoka kwa mtengeneza chipu ikiwa imeshakompailiwa, kwa kerneli moja tu. Kerneli ya Linux haiahidi kwamba draiva ya toleo hili itakubali toleo lijalo. Kwa hiyo mwenye ruta anapanda toleo jipya na kupoteza Wi-Fi, au anabaki na kerneli ya kale yenye matundu. Mleta mada, uliangalia hilo kabla hujalaani butiloda? Sisi wenyewe tulikuwa tunakwama hapo hapo, na tulikuwa tunamlipa mwenye chipu.

Mpiga Mihuri

Nirudi kwenye sheria. GPL toleo la 2, la 1991, inataka utoe pia skripti zinazoongoza kukompaili na kusakinisha. Kama hilo linafika hadi kukupa njia ya kupita saini, watu wamebishana kuanzia enzi za TiVo, kinasa vipindi vya TV chenye Linux kilichokataa mfumo uliobadilishwa. Toleo la 3 la 2007 lilijibu waziwazi: kifaa cha mtumiaji wa kawaida lazima kije na maelezo ya kusakinishia toleo lililobadilishwa. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akakataa kulipeleka kwenye kerneli. Kwake deni la kiwanda ni msimbo, kufuli ni shauri lake. Kerneli imebaki toleo la 2, BusyBox vilevile. Viwanda vingi vinaviepuka vifurushi vya toleo la 3 kama moto. Kwa leseni peke yake tusitegemee jibu.

Ulaya wamepita njia nyingine. Sheria yao ya uimara wa kimtandao, 2024/2847, inamtaka mtengenezaji ashughulikie matundu ya usalama kwa muda usiopungua miaka 5, isipokuwa kifaa ambacho matumizi yake yanatarajiwa kuwa mafupi zaidi. Masharti makuu yanaanza 11 Desemba 2027. Vizuri. Mwaka wa sita je? Kiwanda kimemaliza wajibu, kufuli bado lipo.

Bi Kiraka

Mzee, hakuna anayeutaka ufunguo wenu. Siku mnayoacha kutoa masasisho, tieni saini butiloda moja ya mwisho inayopokea ufunguo wa mwenye kifaa. Ufunguo wenu ubaki kabatini. Au wekeni swichi ndani ya kasha: mwizi wa mtandaoni hana bisibisi. OpenWrt One, ruta ya mradi wenyewe iliyotoka 2024, ina kumbukumbu mbili za flashi na swichi ya kuchagua, ukiharibu moja unawashia nyingine. Haikuwashinda.

Mzee wa Kiwandani

Butiloda ya mwisho inawezekana. Swichi ni gharama, lakini ndogo. Kwa hilo sina ubishi mkubwa, mradi dhamana iishe hapo na atakayezidisha mawimbi ashitakiwe yeye.

Mleta mada

Mzee, umenishika. Sikuangalia draiva. Jana nimefungua kasha, nikaunganisha waya kwenye pini za UART (za kuongea na kifaa moja kwa moja), nikasoma ujumbe wa kuwaka: draiva ya Wi-Fi ni moduli iliyofungwa, ya kerneli 3.10. Kumbe hata saini ingekubali, ningekuwa na ruta isiyo na Wi-Fi.

Basi narekebisha hoja. Siutaki tena mlango wazi toka siku ya kwanza. Nataka sheria iseme kwamba masasisho yakikoma, kufuli lifunguliwe kama alivyosema Bi Kiraka, na maelezo ya chipu yatolewe ya kutosha mtu kuandika draiva. Hili la pili linamgusa mtengeneza chipu, ambaye mimi sijanunua kwake chochote wala hatujuani. Mpiga Mihuri, kuna sheria inayoweza kumfikia huyo? Na kiwanda kikifilisika mwaka wa pili, ile butiloda ya mwisho anaitia saini nani?